Mkono, Idhini na Alama ya Maji: Historia ya Uthibitisho wa Umiliki katika Maandishi ya Pwani ya Kaskazini ya Cabo Delgado

Ikisiri

Makala hii inachunguza historia ya alama za umiliki katika maandishi ya pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, Msumbiji. Inaanzia kwenye alama ya maji iliyotiwa katika karatasi za Ulaya na kuishia kwenye alama sugu ya maji inayofichwa ndani ya picha za kidijitali kwa ajili ya kulinda hakimiliki. Hoja kuu ni kwamba kila alama hujibu swali la yule aliyeiweka, na kwamba nguvu ya alama katika mgogoro wa umiliki imetegemea daima kumbukumbu iliyoandikwa kando yake. Makala inaonyesha kuwa waandishi wa barua za Kiswahili walikwisha kutofautisha mwandishi, mwenye maneno na mwenye idhini muda mrefu kabla ya wahandisi kulikabili tatizo hilohilo katika miaka ya 1990. Makala inapendekeza kwamba picha za miswada ya Cabo Delgado zifungamanishwe na daftari la asili linalotunzwa na wenyeji wenyewe.

1.0 Utangulizi

Katika karne ya 19, maofisa wa Kireno waliokaa Ibo na katika Kisiwa cha Msumbiji hawakuweza kuendesha mambo ya pwani kwa Kireno peke yake. Waliandikiana na masultani, mashehe na wakuu wa miji kwa Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, na mkalimani wa serikali akazifasiri barua hizo kwa Kireno. Sehemu ya barua hizo imehifadhiwa mjini Maputo katika Arquivo Histórico de Moçambique, yaani Hifadhi ya Nyaraka za Kihistoria ya Msumbiji. Wanahistoria, miongoni mwao Liazzat Bonate na Chapane Mutiua, wamezichunguza na kuonyesha kwamba kaskazini ya Msumbiji ilikuwa sehemu kamili ya ulimwengu wa maandishi ya Kiswahili, na si ukingo wake tu.

Nje ya hifadhi hiyo kuna maandishi mengine yaliyobaki mikononi mwa watu: misahafu, vitabu vya maulidi, tenzi, nasaba na barua za jamaa. Pwani inayoanzia Quissanga na visiwa vya Kirimba, ikapita Mocímboa da Praia hadi Palma, ni pwani ya Wamwani, ambao lugha yao ya Kimwani ina uhusiano wa karibu sana na Kiswahili. Maandishi ya pwani hii yamo hatarini. Tarehe 25 Aprili 2019 kimbunga Kenneth kiliipiga Cabo Delgado na kuviharibu vibaya visiwa na miji ya pwani. Kabla ya hapo, tarehe 5 Oktoba 2017, mashambulizi ya silaha yalikuwa yameanza Mocímboa da Praia. Mwezi Machi 2021 yalifika mjini Palma. Mamia ya maelfu ya watu waliyahama makazi yao. Anayekimbia usiku hubeba mtoto kabla ya kubeba kitabu.

Katika hali hiyo, picha ya kidijitali ya ukurasa inaweza kuwa kitu pekee kitakachobaki cha mkono wa babu. Ndipo linapozuka swali ambalo makala hii inalishughulikia: picha hiyo ikishatoka na kusambaa, nani atasema ni yake, na atathibitishaje? Wahandisi wa picha wana jibu moja, nalo ni alama sugu ya maji ya kidijitali. Ili kulipima jibu hilo inafaa kulirudisha katika historia ndefu ya alama zilizotangulia.

2.0 Karatasi na Alama Yake

Jina lenyewe limetokana na karatasi. Katika viwanda vya Italia, hususan Fabriano, mwishoni mwa karne ya 13, mafundi walianza kushonea umbo la waya juu ya chekeche la kutengenezea karatasi. Rojo lilipotuama juu ya waya lilikuwa jembamba zaidi mahali hapo. Karatasi ilipokauka na kuinuliwa kuelekea kwenye mwanga, umbo lile lilionekana kama kivuli cheupe. Hiyo ndiyo alama ya maji. Haiandikwi juu ya karatasi. Huzaliwa pamoja nayo, na kuiondoa ni kuichana karatasi yenyewe.

Karatasi za aina hiyo zilifika mbali. Viwanda vya eneo la Venice vilitengeneza karatasi yenye hilali tatu zilizopangwa kwa ukubwa, ikilengwa kwa masoko ya dola ya Uthmaniya. Kwa njia za biashara ya Waislamu, karatasi za hilali tatu ziliingia katika miswada mingi barani Afrika, kuanzia Sudan na Harar hadi Afrika Magharibi. Katika pwani ya Waswahili pia karatasi kutoka Ulaya ndiyo iliyobeba misahafu ya Siyu na maandishi mengine mengi ya karne za 18 na 19.

Kwa mtafiti wa leo alama hizi ni hazina, kwa sababu zinasaidia kukadiria umri wa muswada usio na tarehe. Mwaka 1907 Charles-Moïse Briquet alichapisha orodha ya alama 16,112 alizozinakili kutoka karatasi za Ulaya, na kazi hiyo bado ni msingi wa taaluma. Hata hivyo ni muhimu kuona alama hiyo inasema nini na inanyamazia nini. Hilali tatu zinamtaja mwenye kiwanda. Hazimtaji mwandishi, wala mwenye kitabu, wala mji alikosomea. Aidha, kwa kuwa hilali tatu zilikuwa na soko zuri, viwanda vingine viliziiga. Alama iliyokusudiwa kuthibitisha asili ikageuka kuwa mtindo unaoweza kunakiliwa. Huo ni udhaifu ambao utajirudia kila mara katika historia hii.

3.0 Mkono na Idhini: Alama Ndani ya Matini

Waandishi wa pwani hawakuitegemea karatasi iwasemee. Waliweka uthibitisho wao ndani ya maneno. Barua ya Kiswahili kwa kawaida hufunguliwa kwa mtajo wa Kiarabu unaomtambulisha anayeandikiwa na cheo chake, hufuatiwa na salamu, kisha shauri lenyewe, na hufungwa kwa jina la mwandishi na tarehe ya Hijria. Katika fungio hilo kuna tofauti ndogo yenye uzito mkubwa. Aliyeandika mwenyewe hufunga kwa neno biyadihi, yaani kwa mkono wake. Aliyeandikiwa na mwingine hufunga kwa neno bi-idhnihi, yaani kwa idhini yake.

Tofauti hii inastahili kutazamwa kama dhana ya kisheria na si adabu ya barua tu. Inatambua kwamba mkono ulioshika kalamu na mtu mwenye maneno wanaweza kuwa watu wawili. Inatambua pia kwamba maneno ya mwenye kauli yakiandikwa na mwingine, sharti ithibitishwe kuwa mwenyewe aliridhia. Kwa hiyo mambo matatu, yaani mkono, kauli na idhini, yalitenganishwa na kuandikwa wazi. Mkuu asiyejua kuandika hakupoteza umiliki wa kauli yake kwa sababu kalamu ilikuwa mkononi mwa katibu.

Tenzi zina mbinu zao. Mtunzi hujitaja katika beti za mwisho, mara nyingi pamoja na nasaba au mji wake, na baadhi hutaja tarehe ya kutunga. Utendi wa Mwana Kupona, kwa mfano, umebeba ndani yake mwaka wa 1275 Hijria, unaolingana na 1858. Jina lililowekwa hivyo limefungwa kwa mizani na vina. Mwizi anayetaka kulifuta hawezi kulikwangua tu. Itambidi atunge ubeti mwingine unaofaa mahali pale, na akikosea, vina vitamfichua. Watunzi wengine hutaja pia idadi ya beti zote. Hesabu hiyo haimzuii mtu kuongeza au kupunguza, lakini inamshtaki: beti zilizopo zikizidi au kupungua idadi iliyotajwa, msomaji anajua kwamba kazi imeguswa. Hivyo utenzi mmoja unaweza kuwa na alama za aina mbili, moja ya kustahimili na nyingine ya kufichua mabadiliko.

Mbinu hizi zilivuka mto Ruvuma pamoja na matini zenyewe. Clarissa Vierke na Mutiua wameonyesha jinsi utenzi wa Kutawafu Nabii, unaosimulia kufariki kwa Mtume, ulivyosafiri hadi kaskazini ya Msumbiji na kuendelea kusomwa huko. Katika safari kama hiyo karatasi hubadilika, mwandiko hubadilika, hata matamshi hubadilika. Kilichofungwa na vina ndicho chenye nafasi kubwa zaidi ya kufika.

4.0 Chapa ya Nyassa na Somo la Waterlow

Ukoloni wa kampuni ulileta Cabo Delgado alama za aina nyingine. Mwaka 1891 Ureno iliikabidhi Kampuni ya Nyassa (Companhia do Niassa) utawala wa eneo kubwa la kaskazini, na kampuni iliushikilia hadi 1929. Mojawapo ya haki zake ilikuwa kutoa stempu za posta. Mwaka 1898 ilianza kwa njia rahisi kabisa: ilichukua stempu za Msumbiji na kupiga neno NYASSA juu yake. Karatasi ilikuwa ileile, sura ya mfalme ileile, lakini chapa moja ya wino ilikihamisha kitu kutoka kwa mmiliki mmoja hadi kwa mwingine. Mwaka 1901 kampuni ilitoa stempu zake yenyewe, zenye picha za twiga na ngamia, zikachapishwa London na Waterlow and Sons. Ngamia si mnyama wa Cabo Delgado. Stempu hizo zilipendwa sana na wakusanyaji wa Ulaya, na picha ya nchi ilikuwa imechorwa kwa ajili ya jicho lao. Mwenye nchi hakuulizwa bi-idhnihi yake.

Kampuni hiyohiyo ya Waterlow ilikuja kutoa somo kubwa kuhusu alama na haki. Mwishoni mwa 1924 Mreno aitwaye Artur Virgílio Alves dos Reis, kwa kutumia mkataba na barua za kughushi, aliwafanya wachapaji wa Waterlow waamini kwamba Benki ya Ureno inaagiza noti za eskudo 500. Walielezwa kwamba noti hizo ni za Angola na kwamba zitapigwa chapa ya Angola baadaye. Oda ya kwanza ilikuwa ya noti 200,000. Zilichapwa na kampuni halali, kwa mabamba halali, na fundi yeyote aliyezichunguza angeziona kuwa za kweli, kwa sababu kwa maana ya ufundi zilikuwa za kweli. Kilichokosekana ni idhini.

Udanganyifu huo ulifichuliwa Desemba 1925, na njia ya kuufichua ndiyo yenye funzo: zilipatikana noti mbili zenye namba moja. Haikuwa rangi wala mchoro uliomshtaki Alves dos Reis. Ni hesabu ya namba, ambayo haikubali noti mbili kukaa katika nafasi moja. Kesi kati ya Benki ya Ureno na Waterlow ilifika hadi Baraza la Malodi la Uingereza na kuamuliwa mwaka 1932. Kwa historia ya alama, kesi hiyo inaonyesha kwamba alama kamilifu inaweza kukaa juu ya kitu kisicho na haki, na kwamba daftari linaweza kuona jambo ambalo jicho haliwezi kuliona.

5.0 Alama Sugu ya Maji ya Kidijitali

Wazo la kuficha alama ya umiliki ndani ya kazi yenyewe, pasipo karatasi, lilianza katika sauti. Mwaka 1954 Emil Hembrooke wa kampuni ya Muzak ya Marekani aliomba hataza ya mbinu ya kutia utambulisho ndani ya muziki. Kwa upande wa picha, utafiti ulishika kasi miaka ya 1990, intaneti ilipofanya nakala kuwa kitu kisicho na gharama. Mfano wa mapema wenye uhusiano wa moja kwa moja na miswada ni ule wa Maktaba ya Vatikano. Katikati ya muongo huo, IBM ilishirikiana na maktaba hiyo kuweka picha za miswada yake kwenye intaneti, na kila picha ikatiwa alama inayoonekana, nyepesi kiasi cha kumwacha msomaji asome, nzito kiasi cha kumzuia mchapishaji asiibe.

Alama isiyoonekana hufanya kazi kwa njia nyingine. Picha ya kidijitali ya rangi ya kijivu ni jedwali la namba, kila pikseli ikiwa na thamani kati ya 0 na 255. Njia rahisi ya kuficha ujumbe ni kubadilisha thamani hizo kwa moja tu, badiliko ambalo jicho halilioni. Lakini njia hiyo ni dhaifu. Picha ikibanwa kwa muundo wa JPEG ili iwe nyepesi, mambo madogo yasiyoonekana ndiyo yanayotupwa kwanza, na alama hutupwa pamoja nayo.

Mwaka 1997 Ingemar Cox, Joe Kilian, Tom Leighton na Talal Shamoon walichapisha jibu ambalo lilielekeza taaluma nzima. Walipendekeza picha ibadilishwe kwanza kihisabati iwe mkusanyiko wa mawimbi, kisha alama itiwe katika yale mawimbi makubwa ambayo sura ya picha inayategemea. Walitumia mfuatano wa namba 1,000 za kubahatisha, zinazojulikana na mwenye alama tu, zikatawanywa katika mawimbi 1,000 makubwa zaidi. Ili kuithibitisha alama, mmiliki hulinganisha mfuatano wake na ule unaopatikana katika picha inayoshukiwa. Ukilingana kupita kiwango fulani, alama ipo. Katika majaribio yao alama iliendelea kutambulika hata baada ya picha kuchapwa, kutolewa nakala kwa mashine na kupigwa skani upya.

Msomaji wa tenzi hatashangazwa na kanuni hii. Jina la mtunzi limewekwa mahali ambapo utenzi unasimama, yaani katika vina na mizani. Alama sugu ya maji imewekwa mahali ambapo picha inasimama. Katika hali zote mbili mwizi hupewa uchaguzi mmoja: aiache alama, au aiharibu kazi aliyotaka kuiiba. Vivyo hivyo wahandisi wana alama dhaifu kwa makusudi, inayovunjika picha inapoguswa kidogo, ili kufichua mabadiliko. Hiyo ni ndugu ya idadi ya beti iliyotajwa mwishoni mwa utenzi.

Usugu huu una maana ya pekee kwa Cabo Delgado. Picha nyingi za huko husafiri kwa simu, kutoka kundi moja la WhatsApp hadi jingine. Katika safari hiyo picha hubanwa, na maelezo yaliyoambatanishwa na faili, kama vile jina la mpiga picha, tarehe na mahali, kwa kawaida huondolewa. Maelezo ya pembeni hupotea kama bahasha ya barua. Alama iliyofumwa ndani ya picha ina nafasi ya kubaki.

6.0 Mipaka ya Alama

Hata hivyo usugu una mipaka, na mipaka hiyo ilifahamika mapema. Mwaka 1998 Fabien Petitcolas, Ross Anderson na Markus Kuhn walionyesha kwamba alama nyingi zilizostahimili kubanwa zilishindwa na mabadiliko madogo ya umbo, kama picha kupindwa kidogo tu. Walionyesha pia hila rahisi zaidi: kuikata picha vipande vidogo na kuvipanga kando kwa kando katika ukurasa wa intaneti. Msomaji huona picha nzima. Programu ya kutafuta alama huona vipande visivyotosha kubeba alama.

Pigo kubwa zaidi halikuhusu kuondoa alama bali kuongeza nyingine. Scott Craver, Nasir Memon, Boon-Lock Yeo na Minerva Yeung walithibitisha kwamba mtu anaweza kuichukua picha yenye alama ya mwenziwe, akabuni picha ya asili ya uongo na alama yake mwenyewe, kisha akadai kwa ushahidi uleule wa kihisabati kwamba yeye ndiye mwenye mali. Wadai wote wawili huonyesha alama, na mahakama haina njia ya kuwatofautisha. Jambo kama hilo lilitokea kwa mbinu iliyopendekezwa na Ruizhen Liu na Tieniu Tan mwaka 2002. Mbinu hiyo ilisifiwa kwa usugu, lakini mwaka 2005 Xiao-Ping Zhang na Kan Li walionyesha kwamba inaweza kuipata alama katika picha ambayo haikuwahi kutiwa alama hiyo. Alama inayojibu ndiyo kwa kila anayeuliza haina thamani ya ushahidi.

Kuna pia suala la nafasi. Alama isiyoharibu picha hubeba ujumbe mfupi sana. Biti 64, kwa mfano, hutosha herufi nane za Kilatini kwa usimbaji wa kawaida. Jina la mtu wa pwani pamoja na la baba, la babu na la ukoo haliingii humo. Kinachoweza kuingia ni namba, na namba haina maana bila daftari linaloieleza. Hivyo ufundi wa karne ya 21 unarejea palepale palipoishia kesi ya Waterlow: mwenye kushinda ni yule ambaye kumbukumbu yake iliandikwa kwanza, mahali panapoaminika.

7.0 Picha za Miswada na Swali la Nani Atajwe

Sheria inaongeza utata. Msumbiji ilipitisha sheria ya hakimiliki mwaka 2001, ikajiunga na Mkataba wa Berne mwaka 2013, na ikatunga sheria mpya, Sheria Na. 9/2022, mwaka 2022. Mkataba wa WIPO wa Hakimiliki wa 1996, katika kifungu cha 12, unazitaka nchi wanachama zizuie kuondolewa kwa taarifa za usimamizi wa haki zilizowekwa katika kazi; alama ya maji ya kidijitali inaweza kubeba taarifa za namna hiyo. Lakini kipimo cha chini cha Berne kwa kazi za maandishi ni maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Barua iliyoandikwa Ibo katika karne ya 19 imekwisha kupita kipimo hicho. Picha yake iliyopigwa jana inaweza kudaiwa kuwa kazi mpya.

Madai hayo hayakubaliwi kila mahali. Mwaka 1999 mahakama ya New York, katika kesi ya Bridgeman dhidi ya Corel, iliamua kwamba picha inayonakili kwa uaminifu kazi isiyo na hakimiliki haileti hakimiliki mpya. Hata hivyo alama haihitaji hukumu ya mahakama ili ifanye kazi. Taasisi ikitia alama yake katika picha ya muswada, kila anayeikuta picha hiyo ataongozwa kwa taasisi. Alama itasema kweli kuhusu aliyepiga picha, na itanyamaza kuhusu mwenye kitabu, kama vile hilali tatu zilivyomtaja mwenye kiwanda na kumnyamazia mwandishi. Tofauti ni kwamba zamani aliyenyamaziwa alikuwa na muswada mkononi. Familia iliyopoteza nyumba haina.

Kwa mtazamo wa lugha kuna hatari nyingine isiyozungumzwa sana katika maandishi ya kihandisi. Ubora wa alama hupimwa kwa wastani wa mabadiliko katika picha nzima. Kiswahili na Kimwani vinapoandikwa kwa herufi za Kiarabu, maana hukaa katika vitu vidogo mno. Herufi za ba, ta na tha hutofautishwa na idadi na mahali pa nukta peke yake, na irabu hubebwa na vistari vya fataha, kasira na dhuma. Alama inayoonekana ikipita juu ya mstari inaweza kufunika kasira na kugeuza neno. Alama isiyoonekana ikitiwa kwa nguvu kupita kiasi inaweza kuzua doa lenye ukubwa wa nukta, hasa katika karatasi iliyokwisha kuliwa na unyevu. Wastani utasema picha ni nzuri. Msomaji wa matini atakuwa amesoma neno jingine. Kwa sababu hiyo nakala safi isiyo na alama yoyote lazima ibaki, na swali la nani anaitunza nakala hiyo ndilo swali halisi la umiliki.

Kutokana na uchambuzi huu yanafuata mapendekezo matatu. Kwanza, kila picha ya muswada wa Cabo Delgado iwe na namba moja, na namba hiyo ndiyo ifichwe katika picha badala ya jina la taasisi. Pili, namba ielekeze kwenye daftari linaloandikwa kabla ya picha kutolewa, lenye nakala Cabo Delgado kwenyewe, kwa Kimwani, Kiswahili na Kireno. Daftari hilo litaje kwa kutenganisha mwandishi wa muswada, familia au msikiti unaoutunza, mpiga picha, na aliyetoa idhini na mipaka ya idhini hiyo. Tatu, nakala safi ikabidhiwe kwa familia, ili alama iliyokusudiwa kumzuia mwizi isije ikamzuia mjukuu kusoma mkono wa babu yake.

8.0 Hitimisho

Historia iliyofuatiliwa hapa inaonyesha mwendelezo kuliko mapinduzi. Waya wa Fabriano, fungio la barua, ubeti wa mwisho wa utenzi, chapa ya NYASSA na mfuatano wa namba 1,000 vyote ni majibu kwa shida moja: namna ya kukifanya kitu kimseme mwenyewe hata kikiwa mbali naye. Baadhi ya majibu hayo yalistahimili kuliko mengine, na yaliyostahimili zaidi ni yale yaliyofumwa ndani ya kazi. Lakini usugu peke yake haukuwahi kutoa haki. Alves dos Reis alikuwa na noti kamilifu, na Kampuni ya Nyassa ilikuwa na chapa iliyosomeka vizuri.

Waandishi wa barua za pwani walilijua jambo hili walipokataa kuchanganya biyadihi na bi-idhnihi. Taaluma ya alama za maji za kidijitali imejifunza kuhifadhi mkono: inaweza kuonyesha, hata baada ya picha kubanwa na kupindwa, kwamba alama ya fulani imo. Kinachobaki ni kuhifadhi idhini, na hilo halifanywi na hisabati. Linafanywa na daftari, na watu wa kuliandika wapo: Ibo, Quissanga, Mocímboa da Praia, Palma, na katika mitaa ya Pemba walikokimbilia wengi wao.